Kabla Hujamwekea Mwenzako Taslimu Benki, Pitisha Kwako Kwanza

Haipiti wiki bila mtu kufika kwenye kibanda changu cha uwakala wa benki hapa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, akiwa amenuna. Ametoka benki na kibunda chake cha noti, ana kikaratasi chenye namba ya akaunti ya mtu, na keshia hakuzipokea. "Pesa zangu, natoa kwa hiari yangu, wao inawauma nini?" Namwacha aseme mpaka apoe, kisha namuuliza ni kiasi gani, akaunti ni ya nani, na ndagamuntu, yaani kitambulisho cha taifa, anayo? Mara nyingi shida yake imelala kwenye mojawapo ya hayo matatu.

Nilifanya kazi ya kaunta benki kabla ya kufungua uwakala, kwa hiyo jambo hili nimelitazama kutoka pande zote mbili za kioo. Ushauri wangu nautoa mapema kwa wenye haraka: kama una akaunti yako, usipeleke taslimu kwenye akaunti ya mtu mwingine. Weka kwako, halafu hamisha. Utakatwa ada na utanung'unika, lakini siku ya ubishi kutakuwa na rekodi yenye jina lako upande mmoja na jina lake upande wa pili. Taslimu iliyowekwa juu kwa juu haina hilo. Una silipu tu, na silipu inaonyesha kwamba pesa ziliingia kwake, haionyeshi zilitoka wapi.

Sheria ya Uganda haikukatazi kumwekea mwenzako pesa. Ilichofanya ile sheria ya mwaka 2013 ya kuzuia utakatishaji wa fedha ni kuitwika benki mzigo: imjue mteja wake, ijue pesa zimetoka wapi, na kila muamala wa taslimu unaofika shilingi milioni 20 iuripoti kwa FIA, mamlaka inayofuatilia fedha chafu. Milioni 20 ukizisikia zinatisha, lakini kwa noti za elfu hamsini ni noti 400, vibunda vinne vinavyoingia kwenye mkoba wa mama bila kuvimba. Kwa wafanyabiashara wa mpakani hizo ni pesa za mzigo mmoja tu.

Kuripotiwa si kushtakiwa. Nalisema hili kila siku na bado watu wananitazama kama nimehongwa na benki. Ripoti ya milioni 20 ni ya kawaida, inakwenda hata kama pesa ni safi kama maji ya chemchemi. Kinachokukwamisha kaunta huwa ni masharti ambayo kila benki imejiongezea juu ya sheria. Nyingine inataka kitambulisho cha anayeweka hata kwa pesa kidogo, nyingine inampigia simu mwenye akaunti kwanza, nyingine inakataa kabisa kiasi kikubwa kutoka kwa mtu asiye mteja wake. Na masharti hayo yalikazwa zaidi kipindi ambacho Uganda ilikuwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, yaani orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu na chombo cha kimataifa kinachopambana na fedha chafu, kuanzia Februari 2020 hadi ilipoondolewa Februari 2024. Nchi ikiwa kwenye orodha ile, benki za nje huzichunguza benki zetu kwa darubini, na darubini hiyo inakuja kumwangukia keshia wa Busia, naye anakuangukia wewe.

Basi kuna mama mmoja, mteja wangu, anachukua mukene, yaani dagaa, kutoka Majanji huko ziwani na kuuza kwa jumla. Siku moja alikuwa na milioni 23 za kumlipa mtu wa Kampala aliyemuuzia kiwanja. Noti zenyewe zilikuwa za kila aina, elfu mbilimbili, elfu tanotano, zimefungwa kwa mpira, zinanuka samaki mpaka foleni ikageuza shingo. Keshia akamuuliza: huyu mwenye akaunti ni nani kwako? Pesa zimetoka wapi? Una karatasi yoyote? Mukene inauzwa kwa beseni, mkono kwa mkono, nani atoe risiti? Mama akachukia, akazibeba pesa zake, akaja kwangu. Njiani alikuwa ameshapata mshauri wa bure: zikate vipande, milioni nane leo, nane kesho, saba keshokutwa, hakuna atakayeuliza.

Huo ushauri wa kukatakata ndio mbaya kuliko yote yanayosemwa mitaani kuhusu benki. Mfumo wa benki haumtazami keshia wa leo peke yake, unajumlisha. Nane, nane na saba kwenda akaunti moja kwa siku tatu mfululizo zinaonekana haraka kuliko milioni 23 zilizokuja pamoja na maelezo. Ulikuwa na swali moja la kujibu, sasa una mawili: pesa zimetoka wapi, na kwa nini ulikuwa unazificha? Marekani kukata taslimu kusudi ili kukwepa ripoti ya dola 10,000 ni kosa la jinai hata kama pesa zenyewe ni halali.

Mama wa mukene nilimwambia arudi benki kwake, kwenye akaunti yake anayoiwekea pesa za samaki kila wiki. Pale pesa zile hazikushangaza mtu. Akaunti yenyewe ilikuwa shahidi wake: kila baada ya siku chache, milioni mbili, milioni tatu, noti ndogondogo. Alibeba daftari lake la mauzo na mkataba wa kiwanja wenye sahihi za mashahidi na muhuri wa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji. Akaweka, kisha akahamisha kwenda kwa muuzaji. Kiasi kikubwa kama kile, benki hadi benki, kinapita kwa RTGS, mfumo wa benki kuhamishiana pesa nyingi, na ukiwahi asubuhi ya siku ya kazi kinafika siku hiyohiyo.

Angalia kilichobadilika. Pesa ni zilezile, na harufu ileile. Ila kwenye akaunti ya muuzaji wa kiwanja zingeingia zikiwa hazina uhusiano wowote na maisha yake. Kama yule bwana ni mwalimu, mshahara unaingia mwisho wa mwezi, halafu ghafla milioni 23 za noti ndogo kutoka kwa mtu wa Busia asiyejulikana. Hapo ndipo benki inaposhtuka. Swali lao kubwa ni kama pesa zinafanana na mwenye akaunti, na mtu wa tatu akiweka taslimu, jibu karibu kila mara ni hapana.

Wenye ndugu Marekani wanaodhani ukali huu ni wa Waafrika peke yao wajue kwamba kule ulitangulia. JPMorgan Chase, mojawapo ya benki kubwa kabisa za huko, mwaka 2014 ilizuia mtu kuweka taslimu kwenye akaunti binafsi isiyo na jina lake. Wauza dawa za kulevya walikuwa wakitumia akaunti kama faneli: watu tofauti wanaweka pesa kidogokidogo katika miji tofauti, mmoja anazitoa zote karibu na mpaka. Kwa hiyo binamu yako aliye Chicago akikuambia hawezi kuingia benki kumwekea rafiki yake keshi, usidhani anakwepa deni.

Si kila katazo linatokana na wezi, tuwe wakweli. Vuka geti hapa uende Busia ya Kenya. Wakala wa M-Pesa haruhusiwi kuweka pesa moja kwa moja kwenye laini ya mtu ambaye hayuko pale. Sababu ya kitambulisho ipo, lakini ipo nyingine: kuweka pesa ni bure, kutuma kunalipiwa. Ukimwekea mwenzako moja kwa moja, kampuni imekosa ada yake. Mimi ni wakala na nakula kwa kamisheni, siwezi kuwalaumu sana, lakini sipendi wakisema yote ni kwa usalama wako.

Na kama huna akaunti? Fungua. Kwa ndagamuntu si kazi ya siku nzima tena, na kwa ndugu zetu Wakongo na wengine walio wakimbizi, zipo benki zinazokubali kadi ya mkimbizi inayotolewa na OPM, ofisi ya Waziri Mkuu. Ulizia tawi lililo karibu na makazi yenu kabla ya kusafiri hadi Kampala. Halafu itumie hiyo akaunti. Akaunti iliyolala mwaka mzima kisha ikaamka na milioni kumi haina tofauti kubwa na akaunti ya mtu mwingine. Weka mauzo yako humo hata yawe kidogo, ili siku ya mzigo mkubwa benki iwe inakujua.

Kuna malipo ambayo hayahusu akaunti ya mtu kabisa, na hapa watu wanaliwa sana. Kodi ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, inalipwa kwa PRN, ile namba ya malipo inayotengenezwa kwenye mfumo wao. Mtu akikupa jina lake na namba ya akaunti yake binafsi ili "akusaidie kulipa kodi" au kutoa mzigo forodhani, mshukuru na uondoke. Hali kadhalika karo. Shule ina akaunti kwa jina la shule au namba ya mwanafunzi ya kulipia. Mhasibu anayetaka karo iingie kwenye akaunti yake mwenyewe ana mambo yake, na mwanao ndiye atakayerudishwa nyumbani.

Upande wa kupokea una hatari kubwa kuliko wa kuweka, na hauzungumzwi. Anakuja jamaa unayemfahamu nusunusu: "Akaunti yangu imefungwa, naomba pesa ipitie kwako, utoe unipe, wewe baki na laki mbili." Kwenye vitabu vya benki, pesa iliyoingia kwako ni yako na wewe ndiye wa kuieleza. Polisi wakifuatilia, jamaa hayupo na simu haipatikani, jina lililopo ni lako. Hata akiwa shemeji, mwambie akaunti yako haibebi pesa usizozijua. Atakununia mwezi mmoja, basi. Na ukiona taslimu imeingia kwako bila kutarajia, usiiguse wala usimrudishie mtu anayepiga simu akilia kwamba amekosea. Nenda benki, waambie, wairudishe wao.

Wanaobeba keshi kuvuka mpaka nao wasisahau: zaidi ya shilingi milioni 30, au thamani hiyo kwa fedha yoyote, unatakiwa kuitangaza kwa URA unapoingia au kutoka nchini. Kutangaza hakutozwi kodi. Ile karatasi ya tangazo ndiyo itakayokusaidia benki wakiuliza chanzo, wakati aliyepita kwa panya route anabaki kueleza kwa mdomo.

Ikibidi kabisa umwekee mtu taslimu, mathalani mgonjwa yuko hospitali na wewe hujawahi kuwa na akaunti, basi fanya kwa utaratibu. Pata jina kamili la mwenye akaunti kama lilivyo benki, siyo jina la mtaani. Keshia akishaingiza namba, mwombe akusomee jina linalotokea kabla hajabonyeza kukubali. Kwetu majina yanafanana mno na tarakimu moja inatosha kumpa pesa zako mtu wa Mbarara usiyemjua. Ikishaingia kwa asiyehusika, benki haiwezi kuichomoa tu kwa sababu unalia, inahitaji ridhaa yake au amri ya mahakama, kwa hiyo ripoti dakika hiyohiyo kabla haijatolewa. Kwenye sehemu ya maelezo usiandike "malipo". Andika jina lako na unalipa nini: "kodi ya nyumba Machi", "mchango wa mazishi". Watunza hazina wa vikundi watakuombea dua, maana malipo kumi yaliyoandikwa "deposit" hakuna anayejua ni ya nani.

Risiti nayo ishughulikie hapo hapo. Mashine zetu za uwakala zinatoa karatasi ambayo ukiiweka kwenye pochi karibu na joto la mwili, baada ya miezi michache imebaki nyeupe. Ipige picha ukiwa bado kaunta, mtumie mwenye akaunti, na usiondoke mpaka ajibu kwamba kaiona pesa kwenye simu yake.