Mituweli (chama cha kuchangiana bima ya afya) ya wasio na bosi Lubumbashi: ukiomba serikali ilipe nusu, peleka hesabu hii

Ndugu aliyeuliza kuhusu chama chao cha mafundi cherehani, wamama wa soko na mamotari (waendesha pikipiki za abiria) wa komini ya Kenya hapa Lubumbashi, familia 400, kama wanaweza kuomba komini au jimbo liwalipie nusu ya bima ya afya: ndiyo, na ni jambo la kupigania. Ila barua inayosema tu "tusaidieni" italala kwenye meza ya mtu.

Onyesheni kwanza hasara iko wapi. Fundi akilazwa wiki mbili, familia inalipa kwa mtaji: vitambaa vinauzwa, zamu ya likirimba (mchango wa kupokezana) inaliwa, mashine inafuata, na mwishoni wanakimbilia banki Lambert, yaani mkopeshaji wa riba kali. Mgonjwa anapona, kazi imekufa. Muuza vitambaa aliyemkopesha halipwi, kijana anayejifunza kwake anarudi nyumbani, likirimba ya watu kumi na wawili inakatika. Ruzuku inazuia mnyororo huo, na pesa yake haitoki mjini, kwa kuwa vituo vyetu vya afya, hata posho za manesi, vinaishi sana kwa kile mgonjwa anacholipa.

Sasa hesabu. Namba hizi ni za mfano. Zenu mzitoe kwenye rejista ya kituo mnachotaka kufanya nacho mkataba. Familia 400 za watu watano ni watu 2.000. Tuseme kila mtu anafika kituoni mara 0,6 kwa mwaka, kila ugonjwa dola 10: ni dola 6. Watu 5 kati ya 100 wanalazwa, kila mmoja dola 120: dola 6 nyingine. Jumla 12. Mgonjwa ajilipie asilimia 20, inabaki 9,60. Ongeza asilimia 15 ya uendeshaji na 10 ya akiba, mnafika dola 12 kwa mtu kwa mwaka.

Na hapa ndipo mituweli nyingi zinapozama. Ile 0,6 ni ya watu wasio na bima, wanaosubiri homa iwaangushe ndipo watoke. Wakipewa kadi wanakuja mapema, jambo ambalo ndilo tunalotaka. Weka 0,9 na hesabu ileile inatoa dola 15. Chama kilichokusanya 12 kinakauka kabla mwaka wa wanachama waliolipa kwa uaminifu haujaisha, na hawatarudi tena. Kwa hiyo ombeni nusu ya 15, yaani 7,50 kwa kila mtu: dola 15.000 za ruzuku kwa mwaka, na kila familia dola 37,50, yaani dola 3 na senti chache kwa mwezi. Mkusanyaji wa likirimba anaweza kuzikusanya kila siku ya soko, lakini sanduku na akonti viwe mbali kabisa na vya likirimba. Mchango upangwe kwa dola na ukusanywe kwa franka kwa bei ya siku hiyo. Dawa zinanunuliwa kwa dola, na franka iliyokaa miezi sita kwenye akonti inaweza kupungua nguvu.

Andikisheni familia nzima, siyo mtu mmoja mmoja. Baba akiruhusiwa kumlipia mtoto anayeumwa peke yake, mtabaki na wagonjwa watupu. Miezi mitatu ya kusubiri kabla kadi haijafanya kazi, tisa kwa kujifungua. Mwanzo mzuri ni kiangazi, ili akiba ijae kabla ya mvua na malaria yake.

Pesa ya serikali itoke wapi? Sheria ya Migodi (Code minier) ya 2018 inagawa mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa madini inayochimba, hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 komini, sekta au usultani ambamo mgodi unafanya kazi, 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Komini isiyo na mgodi haina zile 15, basi mlango wenu ni zile 25 za jimbo. Ile asilimia 0,3 ya mauzo ya kampuni za migodi ni ya jamii zinazoguswa na mgodi, msiihesabu. Ombi lifike kabla bajeti ya mwaka unaofuata haijapigiwa kura, na likiwa na statuti (katiba ya chama) kulingana na sheria ya mituweli ya tarehe 8 Februari 2017.

Jambo moja nalisisitiza: ruzuku isilipe deni la mabosi. Sheria ya Kazi (Code du travail) ya 2002 inamtaka mwajiri amtibu mfanyakazi na familia yake. Hata kibarua wa siku, akishafanya siku 22 ndani ya miezi miwili na akachukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa ana mkataba usio na mwisho. Vijana wa kampuni ndogo zinazofanyia migodi kazi wanaweza kuwa humo bila kujua. Mkiwaingiza kwenye mituweli, bosi anafunga mfuko wake na umma unalipa mahali pake. Waulizeni siku walizofanya kabla ya kuwaandika.

Kwenye mkataba na kituo, bei iwe moja kwa ugonjwa mzima, dawa ndani. Ukilipa kila sindano, sindano zitaongezeka. Hospitali ilipwe tu kwa mgonjwa mwenye karatasi ya transferi kutoka kituoni, isipokuwa ajali na dharura. Tafuteni daktari asiye wa kituo hicho, alipwe kupitia fakitire (hati za madai ya malipo) kila mwezi na kuzilinganisha na rejista.

Ruzuku iingie kila miezi mitatu, kabla ya huduma, siyo baada. Ikichelewa, kituo kinaanza kuwaambia wenye kadi "dawa zimeisha" huku wenye pesa mkononi wakizipata, au kinamshikilia mama aliyejifungua mpaka familia ilipe. Wekeni kituoni amana ya mwezi mmoja wa matibabu, bila uendeshaji na akiba: kwa mfano wetu, dola 2.000.