Mawazo ya dizaini yapo mwaloni na kwa fundi baiskeli

Wadogo zangu mnaoanza dizaini ya bidhaa mnaniuliza sana mawazo natoa wapi, na wengi wenu nikiangalia simu zenu mmejaza picha za Pinterest, viti vya Denmark, taa za Italia. Ni nzuri, sikatai, hata mimi kazi za Dieter Rams, yule mbunifu Mjerumani wa redio na vifaa vya nyumbani vya kampuni ya Braun, nazipenda mpaka kesho. Ila ukitaka kutengeneza kitu ambacho mtu wa Ujiji atatoa hela yake akinunue, anza na vitu ambavyo watu wameshavirekebisha wenyewe.

Yaani nenda mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma asubuhi mitumbwi ikirudi, angalia taa za kuvulia dagaa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi wengi wanatumia LED na betri, sasa we angalia wamezifanyaje baada ya kununua, huyu kaziba na silikoni, yule kaviringisha mpira wa tyubu kwenye maungio ya waya maji yasipite, mwingine kakata dumu betri ikakaa humo. Kila kiraka kinakuonyesha kitu ambacho aliyechora ile taa hakukiwaza. Salimia kwanza, omba kupiga picha, halafu uliza, "Shikamoo mzee, huu mpira umeufunga kwa ajili gani?" ukishauliza nyamaza, usimmalizie sentensi. Baiskeli za kubeba madumu ya mawese nazo ni hivyohivyo, keria imeongezewa nondo, stendi imechomelewa upya, na michoro yangu mingi imeanzia kwa fundi baiskeli pale Mwanga, sio kwenye intaneti.

Halafu kuna Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika tuliyoizoea mpaka hatuifikirii. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha, ikaja kwa meli mpaka Dar, ikapanda reli, ikaungwa hapahapa Kigoma na kushushwa majini 1915. Mimi kila nikichora kitu kikubwa, iwe chanja ya kukaushia dagaa au mashine ya kukamua mawese, najiuliza kitafunguka vipande vingapi na kila kipande kitaingia kwenye buti ya basi la Kasulu au hakiingii. Hilo swali moja limenibadilishia maumbo mengi kuliko picha yoyote.

Hataza, yaani hati za kulinda uvumbuzi, pia zisomeni jamani. Tovuti ya kuzitafutia, Espacenet, ni bure, unatafuta mashine ya kukamua mafuta unapata michoro na maelezo ya jinsi inavyofanya kazi, na kwa kawaida hataza inalindwa miaka 20 tu, kwa hiyo za zamani kibao ziko huru kutumia. Hii ni shule ambayo haina ada.

Upande wa vifaa, programu ninayoitumia kuchorea bidhaa kwenye kompyuta ni FreeCAD, bure na inafanya kazi bila bando, na toleo la 1.0 lililotoka Novemba 2024 limepunguza sana ile kero ya kubadilisha kipimo cha mwanzo halafu kazi yote ya mbele inavurugika. Onshape inafunguka kwenye brauza hata kompyuta yako ikiwa ya kawaida, ila akaunti ya bure inaacha michoro yako wazi kwa kila mtu, ya mteja usiiweke huko. Tinkercad inafaa kwa anayeanza kabisa. Hizi AI za kutoa picha natumia kumwonyesha mteja muonekano tu, maana inakuchorea pampu inang'aa vizuri lakini spana haina pa kuingilia.

Printa ya 3D nayo ni tamu, sema ujue plastiki yako. PLA, ile plastiki ya kawaida ya printa hizi, inaanza kulegea kwenye nyuzi joto kama 60, na kitu kikikaa ndani ya gari lililofungwa juani joto hilo halipo mbali, kwa hiyo cha kukaa nje bora plastiki ya PETG inayovumilia mpaka karibu 80. Kabla ya kuprinti, kata kwanza boksi la katoni kwa vipimo halisi, mpe atakayekitumia akishike, na kama ni mvuvi akishike mikono ikiwa na maji.

Na kama hela inatosha kitu kimoja tu, nunua kalipa ya dijitali, kile kifaa cha kupimia unene na upana wa vitu, printa itasubiri. Ukiwa nayo mfukoni unapima boliti, bomba, ekseli, chochote unachokutana nacho gereji, unaandika kwenye daftari, na siku ukikaa kuchora vipimo vyote unavyo.