"Light" kwa Kituruki: hafif haitoshi

Umeuliza kama "hafif" inafaa kila penye "light" ya Kiingereza. Hapana. Kwa uzito, sawa: hafif çanta, mkoba mwepesi. Mvua ya rasharasha pia, hafif yağmur. (Ni ndugu ya "hafifu" yetu, asili yake Kiarabu, ila mkoba huo si duni!) Wengi huteleza kwenye rangi: buluu isiyokoza ni açık mavi, iliyokoza ni koyu mavi. Açık hiyohiyo maana yake "wazi", kwa hiyo açık çay si chai iliyofunuliwa. Ni chai isiyokolea. Chumba chenye mwanga ni aydınlık oda. Ukikuta ışık, hiyo ni nomino: mwanga wenyewe.