Pima Mwendo kwa Shikamoo

"Mwanangu, unakimbizwa na nani?" Mama muuza vitumbua wa mtaani kwetu, Tanga, aliniuliza hivyo kila alfajiri, karibu mwezi mzima. Nami nilikuwa na jibu la kiburi: najiandaa na marathoni, kilomita 42 na mita 195. Wakati huo sikuwa nimewahi kumaliza hata 15.

Jumapili moja nikaamua kwenda Pongwe na kurudi, zaidi ya kilomita 20. Nilichelewa kuamka, nikaanza saa mbili jua limeshatoka, tena kwa kasi niliyoinakili kwenye ratiba ya mkimbiaji mmoja wa Arusha. Wakati wa kurudi, kabla sijafika Kange, mapaja yakakaza, jasho likakatika, nikaanza kuhisi baridi. Baridi, juani, Tanga! Kijana wa bodaboda akanipakia bure. Njiani akaniambia, "Kaka, kama ulikuwa unakwenda mjini si ungesema tu."

Arusha iko juu na asubuhi zake zina ubaridi. Huku pwani hewa imejaa unyevu, jasho linachuruzika badala ya kukauka, na kule kukauka ndiko kunakoupoza mwili. Ratiba ya bara ukiileta huku bila kuipunguza, utarudishwa na bodaboda kama mimi.

Siku hizi natoka saa kumi na moja alfajiri. Saa ya mkononi sina, napima kwa salamu. Nikiwa barabara ya Raskazone nakutana na wazee wanatoka msikitini. Nikiweza kusema "shikamoo mzee", nikasikia "marahaba, hujambo?", nikajibu "sijambo" bila kukata neno katikati, mwendo ni sawa. Nikitoa "shika..." halafu pumzi ikaniishia, napunguza. Wengi wetu tunashindwa hapo, maana kwenda polepole mbele za watu kunaumiza kuliko mapaja.

Viatu, mtumba wa Ngamiani unatosha, ila geuza soli uangalie kisigino. Kama kimelika upande mmoja, kiache. Chukua chenye nafasi mbele ya kidole gumba, la sivyo utazijua kucha nyeusi. Mapajani paka mafuta ya mgando. Ukirudi, dafu moja na kitu chenye chumvi.

Kuna jambo linanikera. Kila mwenye goti bovu anajifananisha na John Stephen Akhwari, Mtanzania wa marathoni aliyeumia Mexico mwaka 1968 na bado akamaliza, wa mwisho. Jamani, yule alikuwa Olimpiki. Wewe ni Jumanne asubuhi, uko Sahare. Goti likiuma, rudi nyumbani.

Mimi namtazama zaidi Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni. Mashindano ya dunia, Tokyo, Septemba 2025, joto na unyevu kama wa kwetu, alivumilia ndani ya kundi muda mrefu, akampata Mjerumani Amanal Petros pale pale kwenye mstari. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, dhahabu ikaja Tanzania kwa sekunde 0.03.

Mama wa vitumbua haniulizi tena. Nikirudi nakuta ameniwekea vinne pembeni, vimefunikwa gazeti, na deni langu kaliandika kwa mkaa ukutani.