Jibu: Zuolojia (elimu ya wanyama) kwa aliyemaliza PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) hapa Kigoma
Mdogo wangu, umeuliza kama zuolojia inafaa, maana mzee anasema itakupeleka porini tu. Isome. Si simba na tembo pekee: utakaa sana na wadudu, minyoo, jenetiki (elimu ya urithi wa tabia) na takwimu, kwa hiyo hesabu usizitupe. Na Kigoma umebahatika mno! Hifadhi ya Gombe sokwe wanafuatiliwa tangu 1960, na ziwa letu Tanganyika lina samaki wengi wasiopatikana kwingine duniani. Nenda mwaloni Kibirizi, pasua samaki aitwaye mgebuka, mara nyingi utakuta tumboni dagaa aliowameza. Huko ndiko kusoma nani anamla nani. Likizo omba mafunzo kwa vitendo TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania), kituo chao kipo hapa hapa. Ajira ni ngumu, sikufichi, ila anayejua takwimu vizuri ana pa kuanzia.