Msimu wangu mbaya zaidi ni ule Gor Mahia walipokuwa mabingwa

Ndugu yangu, umeuliza kama kuna haja ya mtu wa Kisumu kuendelea kuifuata Gor Mahia baada ya kutoka mikono mitupu msimu wa 2024/25, ubingwa wa ligi ukiwa umekwenda kwa Kenya Police kwa mara yao ya kwanza, na kombe la shirikisho la soka la Kenya (FKF) likiwa limechukuliwa na Nairobi United, timu ya daraja la pili, iliyotulaza 2-1 katika fainali. Ukaongeza kwamba wenzako wa Kondele wamekushauri uachane na ligi ya nyumbani, ubaki na ya Uingereza ambayo angalau ratiba yake haibadilishwi usiku wa kuamkia mechi. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu swali hilo nimejiuliza mwenyewe zaidi ya mara moja, na jibu nililolipata halikutokana na msimu tulioshindwa.

Nianze na ukame wa makombe, maana vijana wengi mnausikia tu. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili mwaka 1987, Gor ilipotwaa Kombe la Washindi barani Afrika mbele ya Espérance ya Tunisia, kwa sare ya 2-2 kule Tunis na 1-1 hapa nyumbani, yale mabao mawili ya ugenini yakatuvusha. Nilisikiliza kwa jirani, mlangoni, kwa kuwa ndani hapakuwa na nafasi hata ya kuweka mguu. Mtoto aliyeanza ushabiki kwa siku kama hiyo huamini kwamba mambo yataendelea hivyo. Tulishinda ligi mwaka 1995, kisha tukakaa miaka kumi na minane bila kuigusa. Katika miaka hiyo nilioa, nikapata watoto wanne, nikafungua duka la vipuri vya pikipiki karibu na soko la Kibuye, na mtoto wangu wa kwanza akamaliza shule ya msingi bila kuwahi kuiona timu ya baba yake ikiinua kombe la ligi.

Mwaka 2012 tulidhani ubingwa umefika. Tulihitaji ushindi dhidi ya Thika United siku ya mwisho, nikafunga duka Ijumaa na kupanda basi la usiku kwenda Nairobi. Hatukushinda. Tusker wakachukua ubingwa, na sisi tukarudi usiku uleule katika basi lililojaa jezi za kijani na halikuwa na sauti hata ya mtu kukohoa. Tulipofika Nakuru dereva akasimama watu wanywe chai, na mzee mmoja aliyekuwa ameketi mbele yangu tangu tuondoke, ambaye hakuwa amefungua kinywa, akamgeukia utingo na kumuuliza, kwa adabu kabisa, kama amesikia ratiba ya mwaka ujao itatoka lini. Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Mwaka uliofuata tukawa mabingwa, tukarudia 2014, na mwaka 2015 tukamaliza ligi nzima bila kupoteza mechi hata moja, Michael Olunga akifunga mabao 19 kabla ya kwenda Sweden. Nikwambie ukweli ambao mashabiki wenzangu hawapendi kuusikia: ule msimu wa 2015 haukunipa hata nusu ya msisimko wa 2013. Kufikia Agosti nilikuwa naenda uwanjani kama mtu anayekwenda kuchukua mshahara.

Kwa hiyo, kuhusu msimu mmoja bila kombe, sina la kukufariji nalo zaidi ya kusema kwamba ni mdogo sana. Lakini naona swali lako halipo hapo.

Nina shemeji yangu, kaka ya mke wangu, mzaliwa wa Kakamega na shabiki wa Ingwe, yaani AFC Leopards, tangu tumboni. Unajua hali yao: ligi waliichukua kwa mara ya mwisho mwaka 1998. Alihamia Chicago, akapanga nyumba upande wa kusini wa jiji, na kwa kuwa huko mtu hufuata timu ya mtaa wake, akaanza kufuata mchezo wa besiboli kupitia White Sox. Mimi nikamwambia kwamba ana kipaji cha kuchagua timu. Mwaka 2024 White Sox walipoteza mechi 121 kati ya 162, idadi ambayo hakuna timu nyingine ya ligi kuu ya besiboli iliyoifikia tangu mwaka 1900. Alikuwa akinipigia simu usiku, kwao kukiwa bado mchana, na kabla ya salamu ananitajia hesabu tu, themanini, tisini, mia moja, kama mtu anayehesabu magunia yanayopakuliwa kutoka kwenye lori. Nikamuuliza wameshushwa daraja kwenda wapi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, «Shemeji, huku timu haishushwi. Inaoza mahali ilipo, halafu msimu mpya inarudi imevaa nguo safi.» Na kweli, mwaka uliofuata walirudi, wakapoteza 102, na yeye akalihesabu hilo kuwa maendeleo. Katika jiji hilohilo Cubs walikaa miaka 108 bila ubingwa, kuanzia 1908 hadi 2016, na watu wakawa wanarithishana subira kama shamba, kwa sababu walijua kwamba hata wakifa, timu itakuwepo Aprili, msimu ukianza.

Maneno ya shemeji yalinikaa, kwa kuwa mimi najua timu inavyokufa.

Nilikulia kwenye nyumba za wafanyakazi katika ukanda wa miwa wa Nyando, baba akiendesha trekta la kuvuta miwa. Gor ilikuwa timu ya redioni na ya safari. Timu ya kuiona kwa macho ilikuwa Chemelil Sugar. Siku ya mechi tela lilelile lililobeba miwa Ijumaa lilibeba mashabiki, na ukiketi vibaya ulishuka ukiwa na maji ya miwa kwenye suruali na nzi wakikufuata mpaka langoni. Kulikuwa na mtu aliyekuwa akichora mistari ya uwanja, na sisi watoto tulimwona kuwa mkubwa kuliko kocha. Alikuwa na mkebe wa rangi uliotobolewa matundu chini, ndani kaweka chokaa, na kamba ndefu ya katani yenye mafundo, kila fundo likiwa kipimo: hapa eneo la kipa, hapa eneo la penalti, hapa duara la katikati. Alifunga kamba kwenye kigingi, akazunguka nayo akiwa ameinama, akigonga mkebe kwa kijiti ili chokaa ishuke sawasawa, na hakuruhusu mtu kukanyaga hadi ikauke. Baadaye, Chemelil ikiwa ligi kuu, tulikuwa na majirani wengi humo. Sony Sugar ya Awendo ilichukua ubingwa mwaka 2006. Muhoroni walikuwepo, Nzoia baadaye, Western Stima pale mjini. Mtu wa magharibi angeweza kuona mechi ya ligi kuu karibu kila wikendi kwa nauli ya kwenda sokoni.

Sasa tazama msimu wa 2019/20. Mdhamini wa ligi, ambaye pia aliidhamini Gor na Ingwe, alijiondoa mwaka 2019 kabla mpira haujaanza kuchezwa, kufuatia mvutano wa leseni kati ya kampuni hiyo ya kamari na serikali. Gor ilikaa miezi wachezaji wakilalamikia mishahara, lakini Gor ina watu. Harambee ikapitishwa, mwenye mia akatoa mia. Timu za viwanda vya sukari hazina watu nje ya vijiji vyake. Sony Sugar walishindwa kufika kwenye mechi tatu, na kwa mujibu wa kanuni wakaondolewa ligini, matokeo yao yote yakafutwa: bingwa wa 2006 akatoka kwenye jedwali kama jina lililoandikwa kwa penseli. Chemelil wakamaliza mkiani, wakashuka. Kisumu All Stars, waliokuwa wamepanda kwa mara ya kwanza msimu huohuo, wakashuka baada ya mechi za mchujo dhidi ya Vihiga United. Katikati ya hayo ligi ikasimamishwa Machi kwa ajili ya Korona, na mwishoni mwa Aprili Gor Mahia ikatangazwa bingwa.

Siku ile ya tangazo nilikuwa dukani peke yangu, nimevaa barakoa. Vijana wa bodaboda wakapita wakipiga honi, mmoja akasimama na kunipa hongera, nikapokea. Kisha nikachukua daftari langu, lile ambalo tangu mwaka 1996 huwa naandika jedwali la ligi kila Jumatatu, nikaona kwamba timu nne nilizoziandika Agosti kama za kwetu, mojawapo ndiyo bingwa na tatu zilikuwa zimeondoka au zinachungulia kaburi. Nilikuwa na furaha ya kuazima na msiba wa nyumbani, vyote katika ukurasa mmoja.

Ndiyo maana nakwambia kwamba kufungwa na Nairobi United hakuui ushabiki wa mtu. Watu hawaachi kwa sababu ya kushindwa. Ingwe wamejaa uwanjani katika debi ya Mashemeji kati yao na sisi miaka yote hii, na sisi tunajua kelele zao. Kakamega Homeboyz msimu wa 2021/22 walimaliza wakiwa na pointi sawa na Tusker, wakakosa ubingwa kwa tofauti ya mabao tu, jambo ambalo lingemfanya mtu mwenye moyo mwepesi ahamie kwenye mchezo wa bao. Lakini mwaka 2023 watu wa Kakamega walikuwepo timu yao ilipochukua kombe la FKF, na wakawa na safari ya Afrika ya kuzungumzia. Shabana ya Kisii walikaa nje ya ligi kuu miaka kumi na saba, na waliporudi 2023 uwanja wa Gusii ulijaa watu ambao wengine walikuwa hawajazaliwa timu iliposhuka. Kinachomwondoa mtu ni kufika uwanjani akaambiwa wageni hawakupata nauli, au wenyeji wamegoma, au mechi imehamishiwa mji mwingine jana usiku. Ukifanyiwa hivyo mara tatu, ya nne hutoki nyumbani. Mimi niliwahi kulipa kiingilio mara mbili kwa mechi moja, na hadi leo sijarudishiwa hela, ila hilo ni la siku nyingine.

Kuhusu ushauri wa wenzako wa Kondele, siwezi kuwapinga kwa hasira, kwani nami hutazama ligi ya Uingereza kwenye kibanda cha video, na hulipa kwa hiari. Lakini jiulize ni kitu gani kinachobadilika katika timu hiyo usipokwenda kuitazama. Hakuna. Kisha jiulize kinachobadilika kwa timu ya daraja la pili inayocheza Jumamosi pale Moi Stadium mbele ya watu mia mbili, kama wewe na wenzako kumi mkilipa langoni. Hapo unazungumzia maji ya wachezaji, pengine na nusu ya nauli ya kwenda Bungoma. Tulipata uwanja mpya wa Mamboleo mwaka 2021, mzuri, na kwa kiburi cha watu wa Kisumu tukadhani uwanja ndio timu.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Gor naifuata kama ukoo: sikuichagua, siwezi kuihama, na nikiitukana naitukana nikiwa ndani. Mwezi uliopita nilihesabu makosa yake yote ya msimu, makocha kubadilishwa katikati ya safari, washambuliaji kutegemea penalti na kona, na bado nimeshanunua jezi. Pamoja nayo nina timu moja ndogo ninayoweza kuifikia kwa miguu au kwa boda ya shilingi hamsini, na hiyo siihukumu kwa kombe. Naiangalia kama ilifika kwenye mechi zote, kama kipa alibaki yule yule tangu mwanzo hadi mwisho, kama yupo kijana wa kumi na nane aliyeanza msimu akiogopa mpira wa juu na akaumaliza akiupiga kichwa. Kwa vipimo hivyo, timu iliyomaliza ya kumi na mbili inaweza kuwa imekuwa na mwaka mzuri kuliko Gor, na shabiki wake akalala usingizi.

Desemba iliyopita nilikwenda nyumbani kwa mazishi ya jirani, nikamkuta yule mchora mistari, sasa mzee sana, macho yamefifia. Nikamuuliza kuhusu uwanja. Akaingia ndani, akatoka na ile kamba ya katani, imekunjwa vizuri na kufungwa kwa mpira wa tairi, mafundo yote yapo. Akaniwekea mkononi nihesabu mwenyewe hadi fundo la penalti, kisha akaichukua tena na kuuliza vijana wa siku hizi wanaanza ligi ya kijiji mwezi gani, kwa maana chokaa, alisema, hununuliwa mapema kabla ya mvua.