Meli ya mbao ya kuunda, nichague ipi?

SWALI: Shikamoo mjomba, niko Bagamoyo, nataka seti ya mbao niunde modeli ya meli ya kweli sio pambo tu la sebuleni, ntajuaje ipi imefata meli yenyewe?

JIBU: Marahaba mwanangu. Chagua meli ambayo bado ipo, mfano Vasa ya Sweden, ilizama 1628 ikaibuliwa 1961, iko makumbusho Stockholm, kwahiyo picha za kulinganishia zimejaa. Boksi lisikubabaishe, omba kuona ramani ya kuundia. Vasa nzima ni mita 69 pamoja na mlingoti ule uliolala mbele, kwa skeli ya 1:72, yaani modeli ndogo mara 72 kuliko meli yenyewe, itoke kama sentimita 96. Alafu hesabu mataruma, yaani mbavu za meli, yakiwa machache mbao zinabonyea katikati na tumbo linapoteza mviringo, nenda pwani kwa mafundi majahazi uone ubao unavyolala kwenye taruma.